Walivyofuta jina la Mzee Elirehema kwenye references, na maji ya mfereji yakaenda nalo

Salamu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa zangu wote humu.

Mimi ni msomaji wa kimya, huwa napita tu. Leo kuna ndugu kaandika kwamba kupanga references, yaani orodha ya vyanzo mwisho wa makala, ni kazi ya koma na nukta, ya kumpa mtu asiye na shughuli. Nimeshindwa kunyamaza. Majina nimebadilisha, lakini yaliyotokea nayasimulia kama yalivyotokea.

Mimi ni binti wa Kimeru, nimezaliwa juu kidogo ya Usa River. Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya msaidizi wa utafiti kwa daktari mmoja, mhadhiri. Tulikuwa tunaandika makala kuhusu mifereji ya asili ya mlima Meru, ile inayoleta maji kwenye migomba na kahawa.

Mahojiano nilifanya mimi, maana Kimeru nakijua. Makala ilipokaribia kwenda kwenye jarida la nje, nikaachiwa na kazi ya references.

Aliyewahi kuifanya ananielewa. Jarida hili linataka mwaka kwenye mabano, lile linataka mwaka mwishoni. Jina la jarida liandikwe kwa mlazo, jina la kitabu lisiguswe. Ile programu ya kompyuta nayo ilidhani "Mzee" ni jina la ubatizo, ikawa inawaandika wazee wangu wote "M." Nilicheka peke yangu ofisini.

Mzee Elirehema ndiye aliyetupa historia ya mfereji tuliouchunguza. Nilimkuta bandani anakatakata majani ya ng'ombe, na hakuacha kukata wakati anaongea. Miaka haijui. Alisema tu "wakati wa Mjerumani", na kwamba yeye alisimuliwa na baba yake.

Mjerumani alipokuwa anajenga boma pale Arusha mjini, watu wa mlimani walikusanywa kwa nguvu. Baba yake Mzee, wakati huo kijana, alikwenda kubeba mawe. Alipoachiwa kurudi nyumbani, akakuta setla amepewa ardhi chini ya kijiji chao. Kwenye mfereji uliochimbwa na babu zake kumewekwa banio la mbao lenye kufuli.

Yeye na wenzake wakalivunja. Akakamatwa, akafungwa kwenye nguzo, akapigwa viboko mama yake anatazama. Kisha setla akawatia kazini wote, wapanue mfereji na kuupanga mawe.

Mzee aliniambia kwamba alipokuwa mdogo alikuwa anamsugua baba yake mgongo wakati wa kuoga, na zile alama alizigusa kwa mkono wake.

Sasa, kuna afisa wa Kijerumani aliyepita huku zamani akaandika ripoti. Ndani yake kuna sentensi moja: mfereji huo umejengwa na setla fulani. Imechapishwa, ina ukurasa, ina kila kitu.

Kwenye makala niliweka zote mbili. Nikaandika kwamba ripoti inasema hivi na Mzee Elirehema anasema hivi, na jina lake nikaliweka kwenye orodha pamoja na wengine.

Jarida likarudisha. Kanuni yao ni kwamba mahojiano yasiyochapishwa hayaingii kwenye references. Reviewer mmoja, msomi anayepitia makala kabla hazijatoka, akaongeza kwamba hata ndani ya makala yapunguzwe, tutumie vyanzo vilivyochapishwa.

Daktari akafuta. Hakumfuta Mzee peke yake, alifuta na aya yote. Ikabaki sentensi ya afisa, na reference yake imekaa sawasawa, koma mahali pake.

Nikamfuata ofisini. Nikamwambia hiyo siyo formatting tena, tumebadilisha ukweli. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba sayansi haiendi kwa hadithi za wazee, na kwamba akipata nafasi atamtaja kwenye shukrani.

Nikasema, "Basi na jina langu litoe kwenye waandishi, daktari."

"Sawa," akasema.

Makala ikatoka. Jina langu limo kwenye shukrani, mstari wa mwisho. La Mzee halimo kabisa. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa.

Ningekuwa nimeshasahau, wakuu. Lakini kuna shamba kubwa la mboga za kusafirisha nje, liko pale pale alipokuwa setla. Wakaomba wapewe haki ya kwanza ya maji ya mfereji. Kukaitishwa kikao cha watumiaji maji. Mama yangu ana migomba kule, nikaenda naye.

Mwanasheria wa shamba akasimama na karatasi. Nilizitambua kabla hajasoma: ni ile makala ya daktari. Akasema utafiti wa kisayansi umethibitisha kwamba mfereji huu ulijengwa na mwenye shamba wa kwanza, wenyeji walikuja kunufaika tu.

Nikasimama, nikaeleza nilikuwa mmoja wa waliofanya utafiti huo. Akaniuliza jina langu liko wapi kwenye makala. Watu wakanigeukia. Nikasema liko kwenye shukrani. Mwanasheria akakaa chini.

Mzee Elirehema akanyanyuka taratibu. Akauliza aliyesema hayo ni nani. Akajibiwa kwamba ni maandishi yaliyochapishwa, tangu enzi za Mjerumani.

"Ni kweli," Mzee akasema. "Wao walichapishwa. Baba yangu alichapwa."

Afisa wa maji, aliyekuwa anaongoza kikao, akaandika kitu kwenye daftari lake. Halafu akasema yeye anafuata ushahidi uliopo mezani.

Shamba likapewa maji ya mchana kutwa. Kijiji kikabakiziwa jioni, yale yanayosalia. Kiangazi kilichofuata migomba ya mama ilianguka kabla ya kukomaa, na Mzee akauza ng'ombe wake wote.

Niliandika kwa mhariri wa jarida kuomba masahihisho. Jibu lilikuwa fupi: tuma chanzo kilichochapishwa.

Ikabidi nihangaike. Nikapeleka sauti za mahojiano kwenye maktaba ya chuo kimoja, wakazipokea na kuzipa namba ya kumbukumbu. Nikaandika makala fupi peke yangu, jarida dogo la hapa nchini likaitoa. Reference ya kwanza kwenye orodha ni Mzee, kwa jina lake kamili.

Nikachapa nakala, nikampelekea. Banda lilikuwa tupu, yeye amekaa mlangoni. Nikamsomea kwa Kimeru, nikamwonyesha jina lake lilipo. Akapitisha kidole juu yake.

Akasema, "Umefanya vizuri, mjukuu wangu. Sasa maji yanarudi lini?"

Nikamwambia kijiji kimekata rufaa. Mpaka leo naandika hapa, rufaa hiyo bado imelala kwenye meza ya mtu.

Nililojifunza: anayepanga references ndiye anayeamua nani ataaminiwa mahakamani, kikaoni, kila mahali, baada ya wenye habari kufa. Mnaofanya utafiti vijijini, zipeni sauti za wazee namba ya kumbukumbu kabla hamjaandika sentensi hata moja. Msisubiri kama mimi.

Kama kuna mwanasheria humu, au mtu aliyewahi kushinda kesi ya maji kwa ushahidi wa simulizi, naomba aniambie alianzia wapi. Wa kejeli pia karibuni, nimeshazoea.