Magunia Juu ya Gari la Kijani

Syokau alikuwa mtu wa kutega sikio. Tangu kazi ya udereva ya mumewe, Mwanzia, ilipowaleta kwenye chumba cha uani huko Hurlingham, alijua sauti ya geti, ya bomba la maji, na zaidi ya yote, ya injini ya gari la kijani ambalo Mwanzia aliliendesha na kulitunza. Bwana mwenye nyumba na memsabu wake walikuwa Uingereza kwa likizo ndefu. Bwana aliacha amri moja: kila Jumamosi gari liwashwe. Dereva aliyemtangulia Mwanzia alifukuzwa kwa kosa dogo, na vyombo vyake vikatolewa barabarani siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo Jumamosi ile gari lilipokataa kuwaka, Syokau aliacha kuchambua maharagwe, akaenda gereji na mtoto wao, Nthenya, mgongoni.

"Ni panya," alisema Mwanzia, kichwa kikiwa ndani ya injini. "Wamekula waya tena. Wiki jana nilifunga hapa, sasa wamehamia pale."

"Na bwana anafika lini?"

"Ijumaa, na treni ya Mombasa. Mimi ndiye wa kumchukua stesheni. Usiniulize tena, Mama Nthenya."

Zadock, mpishi, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Bwana Dereva, wewe umeandika panya kazi, ama wao ndio wamekuandika?"

"Badala ya kucheka, leta yule paka wa memsabu."

"Yule? Amezoea maini ya buchari. Akiona panya atampisha apite."

Zadock alitaka sumu iwekwe. Syokau akakataa katakata, maana mtoto wake alikuwa anatia kila kitu mdomoni. Lakini swali moja halikumtoka. Jikoni, pale karibu tu, kulikuwa na viazi na mkate. Mbona panya wayaache hayo waje kwenye chuma?

Jioni alichukua majivu ya jiko la makaa, akayachekecha sakafuni kulizunguka gari.

"Unachafua gereji!" Mwanzia alilalamika.

"Nataka kujua wanapitia wapi."

"Ukijua utawapa chai?"

Syokau akaendelea kuchekecha. Asubuhi kulipopambazuka alikuwa amechutama mlangoni. Alitarajia kuona nyayo kwenye magurudumu. Hazikufika huko. Zilitoka chini ya mlango zikanyooka hadi kwenye pindo la gunia lililofunika gari, zikaishia hapo.

Mwanzia alikuwa amelifunika gari kwa magunia ya kinu cha posho, kile cha kusagia unga, akayaunganisha kwa sindano yake mwenyewe ili vumbi lisiharibu rangi. Yalining'inia hadi sakafuni. Syokau alipindua mshono mmoja, akaukung'uta kiganjani. Zikamwagika chenga za mahindi. Alipoinua boneti, akakuta kiota cha nyuzi za gunia kando ya betri, bado kina joto.

Alimwita Mwanzia, na Zadock akaja nyuma. Syokau alichagua maneno yake. Mumewe aliyajivunia magunia yale.

"Baba Nthenya, hawa hawakufuata gari. Wameandaliwa chakula, kitanda na ngazi."

"Hayo magunia nimeshona mimi!"

"Na umeshona vizuri. Hata wao wamependa."

Zadock alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanzia hakucheka, lakini aliyavuta magunia chini, akayapeleka mbali nyuma ya ua. Syokau alifagia kila pembe, kisha akafua shuka lao la kitanda na kulitandaza juu ya gari, pindo zisiguse chini. Mwanzia alifunga waya upya. Kila jioni majivu yakamwagwa, na kila asubuhi Syokau aliyakuta laini, hayajakanyagwa.

Ijumaa Mwanzia alivaa kofia yake, akaingia garini. Syokau alisimama uani, ametega sikio. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Ikakohoa tena, kisha ikashika na kunguruma.

Gari lilipotoka getini aliusikiliza mlio hadi ukapotelea upande wa mjini. Kisha akarudi kwenye maharagwe yake, lakini hakuchambua vizuri hata moja, mpaka aliposikia, mbali, mlio ule ule ukirudi.