Shuka la Bluu la Mkwe

Mke mwenzangu Nolari huamka na mbung'o. Sisi tukianza kukamua, yeye keshashika njia ya mtoni kukagua mtego wake wa mbung'o: kitambaa cha bluu na cheusi, wavu juu, chupa ya mkojo wa ng'ombe chini. Akirudi husema neno moja tu kuhusu malisho ya mtoni, "Teremkeni" au "Kaeni," na wazee wetu, wanaobishana hata na mvua, hutii. Namwonea fahari, ingawa sijawahi kumwambia. Atavimba kichwa.

Kiangazi hiki nyasi za mlimani ziliisha. Mtego ulikuwa karibu mtupu, akasema, "Teremkeni." Haukupita muda, ng'ombe wakawa wanarudi wameumwa na mbung'o, ngozi zinawatetemeka.

"Macho ya huyu mama yamezeeka," wazee wakasema. "Keshokutwa tunapanda mlimani."

Kupanda kulikuwa kuwazika ndama, na neno la Nolari pamoja nao. Uji ulimshinda. Asubuhi tukajibanza njiani, mimi na yeye, kutazama kundi likishuka. Mbele alikuwa Kuntai, mume wa binti yake, kijana anayejipenda, kajitanda shuka jipya la bluu. Mgongo mzima mbung'o! Kila kichaka alichopita walitoka kumfuata, kisha wakahamia kwa ng'ombe.

"Kumbe mtego mwingine unatembea!" Nolari akacheka mpaka machozi. Halafu akakumbuka mila. Mama mkwe amwambieje mkwewe avue nguo? Hata kutazamana kwao ni mwiko.

"Mwambie wewe," akaniomba.

"Mimi? Kwani mimi si mama mkwe wake vilevile?"

Basi akamkamata pembe ng'ombe wake Mugie, akapaza sauti: "We Mugie, mwambie huyo bwana harusi wa mbung'o, bluu ndiyo inayowaita! Mwambie nyekundu inampendeza zaidi!"

Kuntai akasimama bila kugeuka, mabega yanamcheza kwa kicheko. "Mugie, mwambie mama nimesikia. Ila mwambie pia, aliyeninunulia ni binti yake!"

Akalivua, akabaki na jekundu la ndani. Jioni ng'ombe walirudi wametulia, na hakuna mzee aliyetaja tena mlima.

Kesho yake nilimsindikiza Nolari mtoni. Pale kitambaa cha mtego kilipokuwa kimepauka, lilikuwa limefungwa shuka la Kuntai. Nolari akaketi mbele yake, akalitazama weee, mpaka nikachoka kusimama.

"Tangu binti yangu aolewe," akasema, "leo ndiyo namtazama mkwe wangu vizuri."