Kamera ya Nailantei na Viti vya Nyuma

Saa saba mchana, ukumbi wa kanisa mjini Kitengela bado mtupu. Nailantei Lesiamon anakaa kwenye kiti cha mpiga fidla wa kwanza, anaitazama kamera yake, anainuka, anahamia cha pili. Anakwenda hivyo mpaka safu ya nyuma. Viti vyote thelathini na viwili atavikalia kabla okestra haijafika.

“Kama mimi siioni kamera, kamera pia hainioni,” anasema.

Nailantei, mwenye miaka ishirini na sita, hupiga video za harusi na mazishi kote Kajiado. Aliishia darasa la nane. Kazi ya siku nzima humpa shilingi elfu sita, na kamera ya pili hukodi.

Mwezi wa nane alipiga tamasha lake la kwanza la okestra, humu humu. Alisimamisha kamera kwenye njia ya katikati, usawa wa kifua, kama afanyavyo harusini.

“Kwa harusi watu wanakuja wenyewe mbele ya kamera. Okestra hakuna mtu anatoka kwa kiti. Penye umekosea mwanzo, umekosea mpaka mwisho.”

Wiki mbili baadaye Melvin Makokha, mwalimu wa shule ya msingi aliyepuliza tromboni safu ya nyuma, aligongwa na lori kwenye barabara ya Namanga. Alifia pale pale.

Baada ya maziko mjane wake, Caren, alikuja studio kwa Nailantei na binti yao, Shirleen, wa miaka sita.

“Nailantei, tafutia mtoto baba yake. Hata dakika moja.”

Walitazama tamasha zima, wakarudia. Stendi za nota zilikuwa zimemfunika Makokha. Kilichoonekana ni bomba la tromboni likienda na kurudi, na mkono ukifunua karatasi za nota. Okestra iliposimama kupokea makofi, waliokuwa mbele yake wakamziba kabisa.

“Huyo si daddy,” Shirleen alisema. “Hiyo ni tarumbeta yake.”

Nailantei aliwaambia angalau sauti yake imo. Caren akatikisa kichwa. “Sauti niko nayo. Nataka uso.”

Ndiyo maana leo kamera moja iko juu kwenye roshani, inachungulia juu ya stendi. Ya pili ameibana ukutani, ubavuni mwa wapiga tarumbeta. Mwongozaji wa okestra, Austin Ngui, anaingia na kuiona.

“Hiyo utoe, dada. Watu wanakuja kuona muziki, si hiyo kamera yako. Utapiga nini huko, mashavu yakivimba?”

“Ndiyo, mwalimu. Hayo mashavu ndiyo watu wa nyumbani watatafuta.”

Wanamuziki wanaanza kuingia. Zipporah, mpiga ngoma kubwa, anaisogelea ile kamera. “Kumbe unatutafutia picha za programu ya mazishi!” Wenzake wanacheka. Kisha kila mmoja anakitazama kiti cha tromboni, ambacho sasa kina mtu mwingine, na kicheko kinakatika.

Ngui anapanga karatasi zake. Yeye huongoza akiwapa watazamaji mgongo tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Anamkaribia Nailantei na kupunguza sauti.

“Hiyo ya ukutani. Ukiigeuza kidogo, na mimi nitaonekana?”

“Utaonekana, mwalimu.”

“Basi iache.”

Kufikia Disemba Nailantei anataka kununua kamera ya tatu, iwe ya safu ya nyuma peke yake. Ameshaweka akiba elfu kumi na nne. Bado elfu thelathini na moja.

Caren bado hupiga simu, akiuliza kama kuna kipande kilichosahaulika mahali. Wiki jana alipiga tena.

“Nilimwambia ukweli,” anasema Nailantei. “Nilimwambia, Mama Shirleen, hakuna. Alikuwa hapo jioni yote, na mimi nilikuwa hapo jioni yote, na sikumwangalia.”