Gauni la Asubuhi na Jioni

Jina lake kamili, kama mtaa ulivyompa, ni Pini-Mdomoni, fundi cherehani, binti wa mshona mahema ambaye turubai zake hazikuvuja, mjukuu wa bibi aliyeshona magunia kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu. Ni mdogo wangu, tumbo moja, kwa hiyo nikimsifu najisifu na mimi, wala sioni haya.

Kila asubuhi aliamka tumbo bapa kama meza ya kupigia pasi. Jioni lilikuwa limejaa, limekaza, linanguruma, hata kuinamia cherehani hawezi. Wifi yetu akipita dukani, lazima achokoze.

"Hongera, wifi! Huyu wa sasa anazaliwa lini?"

"Akizaliwa nakuletea ulee. Wewe si una nafasi?"

Alijibu akicheka, lakini lilimchoma. Akajishonea mkanda mpana wa kitambaa kigumu, akajibana nao chini ya gauni. Ufundi ukamponza. Siku moja, akimpima mteja, pumzi ikakata, maumivu yakapanda kifuani, akaketi sakafuni. Tukadhani moyo.

Hospitali walimpima damu, wakampiga picha ya tumbo. Daktari akasema hakuna uvimbe wala maji. Ni utumbo wenye maradhi ya muda mrefu, mwepesi kukasirika, gesi ikiingia haina haraka ya kutoka.

"Utaishi nao, mama. Ila huo mkanda utupe."

Akamwambia ale kidogo kidogo, atafune taratibu, atembee akishakula, avijue vyakula vinavyomsumbua kimoja kimoja. Na akikonda bila sababu au akiona damu chooni, arudi mbio.

Mdogo wangu akalifanya jambo kifundi. Akila kitu, anajizungushia utepe wa kupimia, anachomeka pini ulipofika. Maharage yalisukuma pini mbali, maziwa vilevile. Wali na viazi walikuwa wageni wenye adabu. Vitunguu alivyovipenda akaviaga kwa majonzi.

Tumbo likapungua, lakini halikuisha, na harusi ya bintiye ilikuwa mlangoni. Akasema haendi.

"Nisimame mbele za watu hivi? Watauliza tunaozesha au tunajifungua."

"Kiti cha mama atakikalia nani?" nikamuuliza. "Mimi sikikalii."

Kesho yake nikamkuta anakata kitambaa. Gauni lile alilifichia marinda ubavuni, na kamba nyembamba ikaishia ndani ya mfuko. Tumbo likijaa, anaingiza mkono mfukoni kama anayetafuta leso, analegeza, rinda linafunguka, na wewe wa nje huoni kitu.

Siku ya harusi alisimama na bintiye toka asubuhi mpaka wageni wanaaga. Wifi akamzunguka kama anayekagua nyumba ya kupanga.

"Tumbo umeliacha nyumbani?"

"Nimekuja nalo. Limevaa vizuri tu."

Wifi akamvuta pembeni, sauti ikashuka. "Basi nishonee na mimi. La kwangu hujaa vilevile, sijamwambia mtu."

Sikusikia mdogo wangu akimcheka. Alimwambia kwanza akamwone daktari, gauni baadaye.

Wifi alipotoka hospitali, akaja dukani mapema, hajala. Binti yangu, anayeshona hapo, akasogea kupisha. Mdogo wangu akatoa pini mdomoni, akavua utepe shingoni, akamvisha binti yangu.

"Gauni hili ni lako kushona."

"Nimpime sasa, mama mdogo?"

"Asubuhi hii tumbo lake litakudanganya. Mwambie arudi jioni, ameshakula. Na ukimpima, usimwambie avute tumbo ndani."