Bwana Harusi Ni Ile Simu

Juzi nilikuwa katika sekretaria moja, kibanda cha kuchapia barua na fomu karibu na soko la Rumonge, nangoja fotokopi zangu. Mbele yangu dada mmoja alikuwa anajaziwa maombi ya viza, aende kumtembelea mumewe Ulaya. Miaka miwili hawajaonana. Fomu ilidai picha za harusi, wakiwa wawili.

Mchapaji akazipekua, akakuna kichwa. "Huyu iko pembeni yako ndiye bwana?"

"Hapana, ni shemeji. Siku ya mahari, ndiyo harusi yetu, bwana alikosa ruhusa kazini, mudogo wake akakaa mahali pake."

"Na bwana mwenyewe iko wapi?"

Dada akaweka kidole kwenye simu ambayo shangazi yake ameinua juu pichani. "Iko humu."

Mchapaji akaikuza picha. Kioo cha simu kilikuwa cheusi tii.

"Rezo ya video ilikatika," dada akasema, hata hakupepesa macho. "Andika: bwana ni ile simu."

Akaandika, tena kwa Kifaransa kizuri kabisa.

Tulicheka wote, mimi zaidi. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye picha za harusi yangu mimi nimo, mzima mzima na tai shingoni, na mke wangu bado anapiga simu kila siku kuuliza niko wapi.