Mjohoro wa Halmashauri

Mjohoro uliotuinamia mlangoni kwetu Temeke haukuwa wetu. Ulipandwa na serikali, na mti wa barabarani haukatwi bila kibali cha halmashauri. Mchwa walishaula upande mmoja, na tawi lake kubwa lilikaa juu ya chumba cha mbele alikolala bibi, mama yake mama, ambaye tangu apooze hakuweza kujigeuza mwenyewe. Kumhamisha hatukuweza. Vyumba vingine vilikuwa na wapangaji, na kodi yao ndiyo iliyotulisha.

Mama akaanza kuomba. Alianzia kwa balozi wa nyumba kumi, kama ilivyokuwa desturi, naye akamwambia siku hizi ni vyama vingi, neno lake halifiki popote. Akaenda halmashauri mwenyewe. Leo gari bovu, kesho msumeno hauna mafuta, keshokutwa bwana miti yuko semina. Majirani walimtia moyo wakisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama aliwajibu kuwa ameinama mpaka kiuno kinamuuma.

Hatimaye bwana miti alikuja, na mwenzake aliyebeba futi ya kamba na kopo la rangi nyekundu. Walipima kutoka katikati ya barabara hadi kwenye mti, halafu wakaendelea kuivuta ile futi mpaka ukutani kwetu. Wakapiga alama ya X kwenye mjohoro, wakapiga nyingine chini ya dirisha la bibi, wakaenda hivyo nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa safu yetu. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Dar nzima ilijua nyumba yenye X inasubiri kubomolewa.

"Mwanangu, mie niliwaita kwa ajili ya mti," mama alisema.

"Mti na nyumba vyote viko kwenye hifadhi ya barabara, mama. Siwezi kuona kimoja nikafumba macho kwa kingine."

Aliyasema kwa upole, na alikuwa ameshamwamkia bibi shikamoo kupitia dirishani. Upole wake unaniudhi mpaka leo.

Wale waliomhimiza mama ainame waliacha kumsalimu. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mama wa makamo aliyezoea kuazima kinu chetu, alitangaza bombani kwamba mama kawaletea watu balaa. Kila mwenye nyumba alipaka chokaa juu ya alama yake. Mama hakuenda tena halmashauri, na halmashauri nayo haikuja, si kwa mti wala kwa kuta. Upepo ukivuma alivuta kigoda akakaa kando ya bibi, sijui angezuia nini.

Asubuhi moja ya masika tawi likaanguka. Lilipasua bati na kenchi, likamlalia bibi mapajani. Majirani walewale walikuja mbio, wakaliinua, wakamtoa bibi na godoro lake. Kabla ya adhuhuri tawi lilikuwa limekatwakatwa na kuondolewa, na bati limegongelewa. Nilifurahi kuona tumepatana. Kisha nikaelewa ile haraka ilikuwa ya nini: hakuna aliyetaka halmashauri isikie.

Hospitali nesi aliuliza mgonjwa kapatwa na nini. Mama alimtazama yule jirani, aliyekuwa amekuja naye na bado ameshika ncha ya shuka ya bibi. Bibi ndiye aliyejibu, kwa ulimi wake mzito.

"Niliteleza msalani, mwanangu."

Hakutoka hospitali akiwa hai. Msibani, kila aliyeingia kutoa pole aliuliza bibi kaondokaje, na jirani aliwahi kujibu kabla yetu: aliteleza msalani. Mtaa mzima ulijua kwamba bibi hakuwa amekanyaga chini kwa miaka. Watu walisema inna lillahi, wakakaa mkekani. Nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote, huku nimeegemea ukuta ambao maneno yake yalikuwa yanaulinda.