Nyumba ya Baridi na Moto wa Samaki

Jino langu la kwanza kung'olewa liling'olewa Lulimba, nilipokuwa kijana nachimba dhahabu ambayo sikuiona. Munganga wa meno aliniuliza mengi: nakula nini, nalala wapi, baba yangu nani. Kisha akang'oa lililo zima, akaacha bovu. Lile bovu nilikaa nalo mpaka nikaoa. Mke wangu alilijua kwa harufu kabla ya kulijua kwa macho. Basi toka hapo, muntu akiniuliza sana, mi namwangalia mikono.

Injenia aliyetoka Bukavu kutujengea hapa Baraka nyumba ya baridi ya samaki alikuwa na mikono laini kama ya mutoto. Mke wangu ndiye mkubwa wa bamama wauza samaki, kwa hiyo alifikia kwetu. Akafungua kompyuta, na mle ndani nyumba yetu ilikuwa imeshasimama, wakati kiwanja chenyewe bado ni majani matupu! Alikuwa anaipigisha jua la mwaka mzima mlemle, ajue mashine ipewe nguvu kiasi gani.

"Jua si shida," alisema. "Shida ni samaki. Kila samaki anaingia na moto wake, lile joto alilotoka nalo majini, na mashine ndiyo itautoa. Sasa Mama, siku samaki iko mingi, beseni ngapi zitaingia?"

Mke wangu akaniangalia. Kwetu, anayeuliza ukubwa wa biashara yako, kesho anakutumia wa kodi.

"Kidogo tu," akajibu.

"Hata wakati wa giza, mwezi ukipotea na samaki wakifuata taa?"

"Hata giza, Papa Injenia. Tunakula sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki."

Bamama wote wakaitikia, na mmoja akaongeza kwamba samaki zetu zinatoka majini baridi kama barafu. Niliinama nifunge kiatu, kicheko kilikuwa karibu. Injenia akaingiza yote kwenye kompyuta.

Nyumba ikajengwa, ndogo, nzuri. Giza lilipofika, mitumbwi ikarudi asubuhi imejaa samaki, mikebuka mitupu. Bamama walipakia mpaka mlango ukafungwa kwa makalio, na wa mbali walileta samaki waliokwisha kuiva juani. Mke wangu aliingiza mzigo wote wa kupeleka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, mtaji wake wote. Kesho yake mle ndani kulikuwa joto kama chini ya blanketi, na harufu, mweee!

Injenia akaja. Hakugomba. Aliweka kompyuta juu ya beseni lililopinduliwa.

"Mama, naweza kuomba mashine ya pili, nikionyesha hesabu mpya. Niambie tu kweli. Beseni ngapi?"

Tulimwangalia mke wangu. Nyumba ikibaki hivi, atarudia kuuza samaki mbio mbio mchana, kwa bei ya kutupa. Niliona mdomo wake unataka kusema.

"Na we," akauliza, "nani amekutuma?"

"Hakuna, Mama. Ni hii mashine inauliza."

"Na mashine inalipwa na nani?"

Bamama wakacheka. Injenia akafunga kompyuta, akaitia kwapani, akashika barabara ya Bukavu polepole, kama anayengoja kuitwa. Hatukumwita, naye hakurudi tena.